Tope jeusi la mtaroni si mbolea ya mchicha

Kila Februari, watu wakijiandaa na masika, nakuta jambo lile lile kwenye bustani za mabondeni Arusha na Moshi: mfereji umezibuliwa, na tope lote jeusi limemwagwa juu ya matuta ya mchicha, mnafu na sukuma wiki. Mbolea ya bure, wanasema. Kwa mfongo, yaani mfereji wa jadi wa kumwagilia, unaoteremka moja kwa moja kutoka mlimani sina ugomvi na mtu. Lakini maji yakishapita mjini, yakapokea mitaro ya gereji, viwanda, dampo na majitaka, tope lake liache.

Kinachonisumbua ni kemikali za florini zisizooza, PFAS. Msizichanganye na floridi yetu ya Meru inayotia meno rangi. Ile hutoka kwenye miamba. Hizi zimetengenezwa na binadamu: zimo kwenye baadhi ya povu la kuzimia moto wa mafuta, nguo zisizopenya maji na vikaango visivyoshika chakula. Zikiingia majini, zile zenye mkia mrefu wa kaboni, kama aina iitwayo PFOS, hunasa kwenye tope la chini. Kila kaboni moja ikiongezeka kwenye mkia, nguvu ya kunasa huongezeka takriban mara tatu hadi nne. Mchanga hauzishiki sana. Zinashika tope laini lenye mabaki ya majani na uchafu uliooza, yaani lile lile mnalolipigania! Chukua kidogo ulisugue kati ya vidole: likikwaruza, ni mchanga, likiteleza na kuacha weusi kwenye mikunjo ya kidole, hilo ndilo ghala lenyewe.

Zenye mkia mfupi hazitulii chini. Hubaki majini, mmea ukazinywa na kuzipandisha hadi kwenye majani. Ndiyo maana mboga za majani zinanitia hofu kuliko mahindi.

Sasa kuna wanaoniambia, "Bwana shamba, mimi naanika kwanza wiki mbili." Jua haliziui. Kulivundika na samadi hakuziui. Chokaa nayo haiziondoi. Acheni kujidanganya.

Kuzibua mfereji ni lazima, ila kwa utaratibu. Funga lango jioni, maji yatulie usiku kucha, uchimbe asubuhi. Ukichimba maji yakitembea, unalitibua tope, linaachia kilichonaswa, na jirani wa chini anakipokea. Tope liweke mita 10 au zaidi kutoka kwenye maji na matuta, ulizungushie kingo za udongo mvua isilirudishe. Usilitandaze ukingoni penye magugu tembo. Narudia kwa sababu Moshi ng'ombe wengi wako bandani na majani hukatwa hapo hapo: ng'ombe akila malisho yenye PFOS, huonekana kwenye maziwa. Jimbo la Maine, Marekani, lilipiga marufuku tope la majitaka mashambani mwaka 2022, baada ya wafugaji kukuta kemikali hizi kwenye udongo na maziwa yao.

Kwenye pampu, mdomo wa mpira wa kunyonyea usilale chini kamwe. Ufunge kwenye dumu tupu la lita 5 lielee, mdomo uning'inie sentimita 30 chini ya uso wa maji, na ubakize sentimita 30 nyingine hadi kwenye tope. Kina kikipungua chini ya hapo, zima pampu. Baada ya mvua kubwa subiri siku mbili. Najua mchicha unanyauka. Subiri hivyo hivyo. Mkifanya hivi maji yatatoka meupe na vichujio vya dripu havitaziba ovyo.

Aliyekwisha kumwaga tope asilime kulichanganya na udongo. Alikwangue likiwa bado juu, pamoja na sentimita 5 za udongo ulio chini yake, alitoe shambani. Kama limeshachanganyika, tuta hilo lisipandwe mboga za majani wala malisho; weka maua au miti ya mbao, na mchicha uhamie upande usioguswa.