Ukiletewa picha ya Maria "ya Italia ya kale", geuza uangalie mgongo kwanza

Huku Nakuru hizi stori ni nyingi. Mzee alifanyia mzungu kazi Njoro, mzungu akaenda akamwachia picha ya Bikira Maria kwa mbao, dhahabu tupu, ama ile ingine ati wafungwa wa vita Waitaliano waliojenga lile kanisa dogo la Mai Mahiu 1942 ndio waliiacha. Tamu sana, lakini mtu aliyeshikwa vitani Ethiopia alikuwa anabeba aje mbao ya miaka 600? Wacha muuzaji amalize stori yake, kisha omba kushika picha na uigeuze.

Wachoraji wa Italia wa kati ya 1200 na 1400 karibu wote walitumia mbao ya popla, nyepesi, laini, rangi imefifia. Ukipata plaiwudi ama MDF, mrudishie na umsalimie. Saiprasi na mvule fundi yeyote wa soko la Kibuye, Kisumu, atakutambulia hata kwa harufu. Angalia pia alama za msumeno, kama ni mistari ya kupinda inayofanana yote hiyo ni ya msumeno wa mashine wa kuzunguka, na hiyo imeenea karne ya 19. Skrubu ya nyota nayo ni ya juzi tu.

Mashimo ya wadudu watu huyaamini sana na ndiyo rahisi kudanganya nayo. Chukua njiti ya ufagio uingize polepole, shimo la mdudu linapinda huko ndani, la drili linaenda moja kwa moja. Na ukiona rangi imeingia ndani ya shimo basi shimo lilikuwa hapo kabla ya picha, mtu amechukua mbao nzee akachora juu. Njia za wadudu zikiwa wazi mgongoni kama mifereji usikimbilie kusema feki, madalali wa zamani walikuwa wanaranda mbao ikuwe nyembamba na mifereji inafunguka, lakini swali liko hapo, ilirandwa ama ni mbao nzee imekatwa juzi?

Kisha pembeni, hapa wengi hawaangalii. Kabla ya rangi walipaka mbao plasta nyeupe ya jasi na gundi, mara nyingi juu ya kitambaa cha kitani. Kama fremu ilipigiliwa kabla ya plasta, na ikatolewa baadaye, plasta inabaki na kamdomo kameinuka ukingoni. Kama ukingo umekatwa tu kwa msumeno, pengine ni kipande cha kazi kubwa, na hiyo si ajabu: ile Maestà, picha kubwa ya madhabahu ya mchoraji Duccio wa Siena, ya 1308 hadi 1311, ilikatwa vipande mwaka wa 1771 na vingine viko London, New York na Washington mpaka leo.

Sasa mbele. Lenzi kwanza, ukiona vidoti vidoti hiyo ni karatasi ya printa imebandikwa, zile za ukumbusho Italia imetengeneza nyingi sana karne ya 20 na mapadri na mahujaji wakazibeba. Vidoti hakuna? Zima taa, weka tochi ya simu kando kabisa ya picha iwe inamulika kwa kulala. Ile duara ya dhahabu ya kichwani inafaa ionyeshe mstari uliochorwa kwa chuma na alama ndogo ndogo zilizogongwa kwa mkono moja moja, zingine zimezama zaidi. Dhahabu ilipandishwa juu ya udongo mwekundu, kwa hivyo pale imeshikwashikwa sana wekundu unachungulia. Wekundu ukichungulia sawasawa kila mahali, mtu amesugua. Na usidharau feki za Siena, mchoraji wa huko Icilio Federico Joni, aliyekufa 1946, alikuwa anatengeneza za kudanganya hata wataalamu, hii kazi ya tochi inachuja takataka tu, haithibitishi kitu.

Ile lampu ya kuangalia noti feki pia isaidie, mahali pamepakwa upya juu ya vanishi nzee huonekana peusi. Rangi zenyewe zinapimwa labu: nyeupe ya titani ni ya karne ya 20, bluu ya Prussia ni ya miaka ya 1700 mwanzoni, zikipatikana kwa plasta ya asili ama chini kabisa ya rangi, kwisha.

Lakini isikufanye uchukulie yote ni uchafu. 2019 mama mmoja Compiègne, Ufaransa, alikuwa amening'iniza kapicha jikoni juu ya jiko, ikapatikana ni ya Cimabue, mchoraji wa Italia wa miaka ya 1200, ikauzwa zaidi ya yuro milioni 24. Kwa hivyo usioshe, usipanguse na mafuta ya taa, usipigilie msumari, usifunge na polithini.

Makaratasi: Italia ina sheria kali ya kutoa vitu vya kale nchini, uliza cheti cha kuitoa huko na risiti za wenye nayo wa zamani. Pakua ID-Art, programu ya bure ya Interpol, uangalie kama imeibwa. Depo usitume, hata ukiambiwa kuna mnunuzi Nairobi anangoja na milioni.

Ikipita hapo piga picha mbele, mgongo, pande zote nne, na dhahabu kwa karibu na tochi ya kando, weka rula ionekane, utumie Christie's ama Sotheby's, zile kampuni za mnada, hawalipishi kuangalia. Muuzaji akikataa upige mgongo, mwachie mbao yake.