Maji ya kunywa ukiwa kwenye baiskeli vijijini Ufaransa

Chupa ikikauka katikati ya barabara za mashambani, usihangaike kutafuta duka, tafuta makaburi ya kijiji. Karibu kila kijiji kina ya kwake, ama ubavuni mwa kanisa ama nje kidogo ya nyumba za mwisho, na mara nyingi hapo langoni kuna bomba ambalo ndugu wa marehemu hutumia kumwagilia maua na kuosha makaburi. Hili linaokoa hasa saa 6 hadi saa 8 mchana, maduka mengi yanapofungwa kwa chakula, na Jumapili alasiri au Jumatatu, siku ambazo waweza kupita vijiji kadhaa usikute hata mkahawa uliofunguliwa. Soma kibao kwanza: “eau potable”, kunywa, “eau non potable”, jimwagie kichwani tu. Pasipo na kibao, fuata bomba linakotoka. Likitoka kwenye tangi la maji ya mvua, achana nalo. Wakati wa baridi maji hukatwa ili mabomba yasipasuke kwa barafu, kwa hiyo ondoka asubuhi na chupa 2 zilizojaa. Baiskeli iache nje ya lango, na ukikuta watu wanazika, endelea hadi kijiji kinachofuata.