Kutoa oda ya vikapu, mifuko na vyungu vyenye nembo yako: mwongozo kwa biashara ndogo za Nyanda za Juu Kusini

Mgahawa wa kahawa Mbeya mjini, studio ya picha Iringa, nyumba ya wageni Tukuyu: kila biashara hufika mahali inataka mteja aondoke na kitu mkononi chenye jina lake. Njia ya mkato ni vikombe vyeupe vya dukani vilivyobandikwa picha. Lakini mikoa hii imejaa mafundi, na kitu kilichosukwa au kufinyangwa jirani hukaa nyumbani kwa mteja miaka mingi. Oda hizi zikiharibika, mara chache tatizo huwa mkono wa fundi. Huharibika kwenye maelezo, kwenye kalenda na kwenye malipo, na yote matatu yako mikononi mwako wewe mwenye oda.

Kikapu cha milulu

Vikapu vya Iringa husukwa kwa milulu, nyasi ndefu za mabondeni. Hukatwa, huanikwa juani, kisha huloweshwa kidogo zilainike wakati wa kusuka. Kosa la kwanza la wateja ni kuomba nembo isukwe ndani ya kikapu chenyewe. Chukua rula upime: ikiwa mstari mmoja wa msuko una unene wa milimita 5, herufi E inataka mistari mitano, yaani mitatu ya rangi na miwili ya nafasi. Hiyo ni sentimita 2.5 kwa herufi rahisi kuliko zote. S na O zitatoka na ngazi. Tena kikapu hupanuka kuelekea mdomoni, hivyo neno lililonyooka kwenye karatasi litavutika upande likishasukwa. Mwachie msukaji michoro anayoijua, mpe rangi moja au mbili za biashara yako, na jina uliweke kwenye lebo ya ngozi.

Lebo ya sentimita 4 kwa 6 inatosha. Fundi viatu yeyote mzuri anaweza kukukatia na kukutobolea matundu manne pembeni, kila tundu milimita 5 kutoka ukingoni ili ngozi isichanike. Ngozi ndiyo ya kuangalia kwa makini. Iliyolainishwa kwa magome ya miti hushika alama ya muhuri wa chuma ukiilowesha kidogo kwa sponji na kukandamiza. Iliyolainishwa kwa kemikali ya kromu haishiki: alama inaonekana leo, wiki mbili baadaye imejaa na kufutika. Kuzitofautisha, kata kipande utazame ukingo. Ya magome ni ya kahawia mpaka katikati, ya kromu mara nyingi ina rangi ya bluu au kijivu ndani. Lebo ishonwe kwa uzi uliopakwa nta, na uzi upite nyuma ya mstari mzima wa msuko. Gundi usiitumie. Uso wa milulu haujanyooka, na unyevu wa masika utaibandua.

Sasa vipimo. Msukaji huanza na kitako na kupanda juu, na ukubwa wote wa kikapu unaamuliwa pale chini. Kitako kikizidi kipimo kwa sentimita 2, mdomo utazidi zaidi ya hapo, na ukija kugundua, kazi ya siku mbili imeshakwisha. Usimpe namba peke yake. Kata vijiti viwili vya mwanzi: kimoja urefu wa upana wa kitako, kingine upana wa mdomo. Vifunge nyuzi za rangi tofauti, na kila msukaji apate jozi yake. Akimaliza kitako anaweka kijiti juu yake, anaona mara moja. Vijiti hivi havigharimu chochote, na huondoa ubishi wote wa «mimi nilielewa hivi». Hata hivyo kubali tofauti ya sentimita 2 mdomoni, hii ni kazi ya mkono.

Mfuko wa kitambaa

Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, mfuko wa kitambaa umekuwa bidhaa ambayo mteja anaitumia kweli, sokoni Mwanjelwa na kwingineko. Amerikani nzito inafaa na inapokea wino vizuri.

Hesabu ya kitambaa ndiyo inayopoteza fedha nyingi, kwa hiyo tuifanye yote. Mfuko uliokamilika uwe upana sentimita 38 na kimo 40. Ongeza sentimita 1.5 kila upande wa mshono, 1.5 chini, na 4 za pindo la juu: kila kipande kinakuwa 41 kwa 45.5. Kwenye kitambaa cha upana wa sentimita 150 vinakaa vipande vitatu kwa safu, inabaki sentimita 27. Mifuko 60 inahitaji vipande 120, yaani safu 40, sawa na mita 18.2. Ule ukanda wa 27 uliobaki unatoa mikono mitatu ya kushikia, ya upana wa 8, kila sentimita 65, jumla 84. Unahitaji 120, miwili kwa kila mfuko, hivyo iliyobaki 36 inakatwa kwenye mita 1.3 nyingine. Jumla mita 19.5. Ongeza za kupungua na za makosa, nunua 22. Anayekadiria «mita moja kila mfuko» atanunua 60. Upana wa kitambaa upime mwenyewe dukani kwa futikamba, usiamini maneno, kwa sababu kikiwa na sentimita 90 hesabu yote inabadilika.

Kabla ya kukata, kata kipande cha sentimita 50 kwa 50, kifue kwa maji ya moto, kianike, upime tena. Kikirudi na 47, kitambaa chote kilowekwe na kukaushwa kwanza. Ukiruka hatua hii, mteja atafua mfuko mara moja tu na pindo litakunjamana huku nembo ikipinda.

Halafu jambo ambalo mafundi wengi wa kuprinti watakushukuru ukilikumbuka: printi kabla ya kushona. Kipande kilichokatwa kinalala bapa chini ya fremu ya skrini, ule wavu unaopitisha wino. Mfuko ulioshonwa una mshono unaonyanyua fremu upande mmoja, wino unavuja, na ukikosea umeharibu mfuko mzima badala ya kipande kimoja. Nembo ikae sentimita 12 chini ya ukingo uliokatwa, ili baada ya pindo ibaki na nafasi ya kupumua. Rangi moja ni rahisi na imara. Kila rangi inayoongezeka inataka skrini yake na kulinganishwa kwake. Mistari ya nembo iliyo myembamba chini ya milimita 1 itaziba kwenye amerikani, kwa hiyo mwombe mchoraji akutengenezee nembo nene maalumu kwa ajili ya kitambaa.

Mwulize fundi anatumia wino gani. Plastisoli, yaani wino wenye plastiki, haikauki kwa hewa. Inataka joto la karibu nyuzi 160, na pasi ya mkaa haitoi joto la kulingana. Kama hana mashine ya joto, achague wino wa maji, uachwe siku nzima, kisha upigwe pasi kwa upande wa nyuma. Mwezi Juni na Julai, baridi ya Mbeya na Makete huchelewesha kukauka, basi uachwe siku mbili. Ukipanga vipande juu ya vingine mapema, vitaachiana alama.

Vyungu na mbao

Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, karibu na Matema, hufinyanga kwa mkono bila gurudumu na kuchoma kwa moto wa wazi. Chungu cha namna hii hunyonya maji kidogo. Ni kizuri kwa maua, mishumaa, au kupamba meza ya mgahawa. Usikigeuze kikombe cha chai cha kuuzia wateja. Nembo igongwe kwa muhuri wa mbao udongo ukiwa umeanza kukauka lakini bado unakubali kucha. Udongo hupungua ukikauka na kuchomwa, mara nyingi kwa karibu sehemu moja ya kumi, hivyo muhuri uwe mkubwa kuliko unavyotaka nembo ionekane. Kwa usafiri, majani makavu ya migomba ya Kyela yanazidi karatasi: jaza ndani ya chungu kwanza, kisha zungushia nje. Agiza vyungu 3 au 4 zaidi kwa kila 30.

Mbao za Mafinga zinapatikana kwa wingi, ila paini mbichi hupinda. Pima uzito wa kipande kila wiki. Maadamu uzito unashuka, bado hakijakauka, na sahani au kibao kitakachochongwa leo kitapasuka dukani kwako.

Kalenda inaongozwa na shamba

Wasukaji wengi ni wakulima kwanza. Mvua zikianza Novemba au Desemba wako kwenye kupanda, Januari na Februari ni palizi, Mei hadi Julai ni mavuno. Mvua hizo hizo huzuia milulu kukauka vizuri, na milulu isiyokauka huota ukungu ndani ya kikapu kilichokwishanunuliwa. Dirisha zuri ni Julai mwishoni hadi Oktoba. Unayetaka bidhaa za Nane Nane, maonyesho ya uwanja wa John Mwakangale Mbeya, usitoe oda mwezi Juni. Vikapu vyako visukwe msimu wa ukavu wa mwaka uliotangulia na vihifadhiwe mahali pakavu penye hewa, au uanze Aprili na kukubali mwendo wa polepole. Kikundi cha wasukaji 10 kikikuambia kila mmoja hutoa vikapu viwili kwa wiki, 40 si kazi ya wiki mbili. Panga nne. Kutakuwa na msiba, kutakuwa na mtoto mgonjwa.

Sampuli mbili

Kabla ya oda, lipia sampuli mbili zinazofanana, na uzilipie kwa bei kamili au zaidi, maana ya kwanza huchukua muda mrefu kuliko zote. Moja inakaa kwako, moja kwa kiongozi wa kikundi, zote zimefungwa kadi yenye tarehe na sahihi za pande mbili. Picha ya simu haitoshi: haionyeshi uzito wala ukaza wa msuko. Nenda mwenyewe ukaione. Ukifika kijijini Iringa, anza na «kamwene», salamu ya wenyeji, kaa, kunywa chai, ndipo mazungumzo ya bei yafuate. Mama anayekuona una haraka atakukubalia kila kitu, hata ambacho hakiwezekani, kwa heshima tu.

Bei na malipo

Mwulize msukaji bei yake na kikapu kinamchukua siku ngapi, usianze wewe kutaja. Kisha fanya hesabu yako hadharani kwenye daftari. Kwa mfano: kikapu 18,000, lebo 2,000, usafiri 600, ada za kutuma fedha 200, akiba ya vitakavyoharibika 1,000. Jumla 21,800. Ukiuza 25,000 unabaki na 3,200 kabla ya kodi ya fremu ya duka na mshahara wa muuzaji. Hiyo si biashara. Tafuta mteja wa 35,000 au chagua kikapu kidogo, lakini usiende kumkata mama elfu tatu.

Lipa nusu mwanzoni, kwa sababu milulu na rangi vinahitaji fedha siku hiyo. Robo ilipwe nusu ya mzigo ikionekana, na robo ya mwisho siku ileile ya kupokea, si wiki ijayo. Ukituma kwa simu, tuma na ya kutolea. Mwombe mwenyekiti kila msukaji afunge uzi wa rangi yake ndani ya kikapu: fedha inamfika aliyefanya kazi, na kosa likitokea linarekebishwa na aliyelifanya.

Makubaliano yaandikwe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, nakala mbili. Yataje idadi, vipimo na tofauti inayokubalika, rangi, tarehe ya nusu na ya mwisho, bei, awamu za malipo, nani analipa usafiri, na kitakachofanyika kwa kasoro. Ongeza sentensi moja: michoro ya kusuka ni ya wasukaji na wanaweza kuiuzia wengine, nembo ni yako na haiwekwi kwenye bidhaa za mwingine.

Nembo hiyo isajiliwe BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kama alama ya biashara. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Huombwa kwa makundi ya bidhaa, mifuko ikiwa kundi la 18 na nguo la 25, kwa hiyo chagua unayouza kweli. Usajili wa Bara haufiki Zanzibar, kule unaombwa peke yake.

Siku ya kupokea

Kagua kila kimoja mbele ya mwakilishi wa kikundi. Weka vijiti vya kipimo kitakoni na mdomoni. Weka kilo 5 za mchele ndani, ning'iniza kwa mkono wa kikapu saa nzima, kisha angalia mkono huo ulipounganishwa. Ingiza pua ndani: harufu ya ukungu huja kabla ya madoa. Sugua sehemu ya rangi kwa kitambaa cheupe chenye unyevu mara 20. Kikitoka chekundu, rangi haikuchemshwa ikashika, na kikapu hicho kitachafua gauni la mteja wako.

Vyenye kasoro ya kurekebishika virudi kwa mwenye uzi wake, na nauli ya kurudisha muigawane. Vyenye kasoro ndogo ya umbo, visivyo na hatari kwa mnunuzi, viondolewe lebo yako na msukaji aviuze sokoni kwa bei anayoitaka. Kianzio ulichokwisha kumpa kwa ajili ya kikapu hicho kihesabiwe kwenye oda inayofuata.