Jinsi ya kujaribu menyu ya simu kwa karatasi sokoni Kibuye

Kabla ya kumlipa mtengenezaji programu hata shilingi moja, ichore menyu yako kwenye karatasi na uwapelekee watakaoitumia. Mfano wetu ni menyu ya USSD, ile inayofunguka ukipiga namba yenye nyota na reli (*…#), ya kupokea oda za samaki, iliyokusudiwa wauzaji wa Kibuye, Kisumu.

Kata manila vipande vya ukubwa wa kiganja. Kila kipande, yaani kadi, ni skrini moja. Andika kwa kalamu ya wino mzito maneno yale yale yatakayotokea kwenye simu. Skrini moja ya USSD hubeba herufi 182 tu, nafasi zikiwemo, kwa hivyo hesabu. Angalia sana ritifaa, kile kialama kinachofuata ng. Ile iliyopinda, ambayo kompyuta huiweka yenyewe ukiandika ng’ombe, haimo katika herufi za kawaida za simu. Ikiingia moja tu, huenda ujumbe wote ukabadilishiwa mfumo na kubakiwa na herufi 80, au skrini ikaonyesha alama ya kuuliza. Tumia iliyonyooka: ng'ombe.

Nendeni watatu. Mmoja azungumze, wa pili awe simu, yaani abadilishe kadi kulingana na namba atakayotaja muuzaji, wa tatu aandike. Msiende Jumapili, siku kubwa ya soko. Ombeni ruhusa kwanza, na mkichukua jina au namba ya mtu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inawahusu.

Mpe muuzaji kazi kwa maneno ya biashara yake, kama gorogoro, lile kopo la kupimia: "Mama, mteja anataka omena gorogoro mbili, atakuja kesho. Mjulishe umekubali." Ukisema "thibitisha oda" na kadi imeandikwa "Thibitisha oda", umeshamwonyesha jibu. Mwombe aseme kwa sauti anachowaza, kwa Kiswahili au Dholuo, na uwe na mwenzako anayeielewa vizuri.

Kisha nyamaza. Akiuliza, "Sasa nibonyeze gani?" mrudishie: "Wewe ungebonyeza gani?" Hapa ndipo wasanifu wengi huharibu jaribio, kwa huruma tu: wanamsaidia, na pale alipokwama panafutika kwenye daftari.

Kukwama angalau kunaonekana. Baya zaidi ni kosa lisiloonekana. Kadi inasema "Weka kiasi (kilo)", mama anajibu 2 bila kusita, akimaanisha gorogoro. Menyu imeridhika, naye ameridhika, lakini oda si sahihi. Kwa hiyo mwandishi aandike namba iliyotajwa pamoja na maana yake, na mwishoni muulize: "Hapa umekubali kuuza kiasi gani?" Dawa yake ni kadi ya kipimo kabla ya kiasi: 1. Gorogoro 2. Kilo.

Jakob Nielsen, mtaalamu wa kujaribu urahisi wa matumizi, alieleza mwaka 2000 kwamba watu watano hutosha kwa duru moja, mradi wawe wa kundi moja. Wavuvi wa ufuo wa Dunga, Kisumu, ni kundi jingine, nao wanahitaji watano wao. Rekebisha kadi jioni hiyo hiyo, urudi kwa wauzaji wengine watano. "Ni nzuri" wanayokuambia kwa heshima usiihesabu.

Jambo moja karatasi hailionyeshi: USSD hukatika mtumiaji akikawia, na muda huo huwekwa na mtandao wa simu. Anayeigiza simu awe na saa. Muuzaji akigeuka kumhudumia mteja, andika alikuwa kadi ya ngapi na alikawia sekunde ngapi. Kadi zinazokatizwa mara nyingi zisogeze mwanzoni au zifupishe, na umwambie mtengenezaji programu ahifadhi majibu yaliyokwisha kutolewa, ili muuzaji akipiga tena aendelee alipoachia.