Somo: Kutengeneza kilainishi cha hali ya juu kutokana na madini ya kinywe

Kinywe, ambacho wengi hukiita grafiti, ni kaboni iliyojipanga katika matabaka yanayoachana kwa takriban nanomita 0.335 (nanomita 1 ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Atomi za tabaka moja zimeshikana kwa nguvu sana, ilhali matabaka yenyewe yameshikana kwa ulegevu na huteleza moja juu ya jingine. Chembe zikisagwa hadi kipimo cha nanomita, hupenya katika mikwaruzo midogo ya chuma ambamo unga wa kawaida haufiki.

Hatua ya 1: Kusafisha. Ndugu wanachama, msiiharakishe hatua hii, kwa sababu kinywe ni laini lakini mchanga unaotoka nacho mgodini ni mgumu kuliko vyuma vingi, na ukibaki humo mtakuwa mmetengeneza msasa. Kwanza kinywe hutenganishwa na mchanga kwa kuelea kwenye povu la maji, kisha unga wake huchomwa pamoja na sodiamu haidroksaidi (magadi makali) ili silika, yaani madini ya mchanga uliobaki, igeuke chumvi inayoyeyuka, kisha huoshwa kwa maji na asidi. Sugua unga kidogo kati ya vipande viwili vya kioo: ukisikia mkwaruzo na kuona michirizi, rudia kuosha.

Hatua ya 2: Kusaga. Tumia mashine ya gololi, unga ukiwa ndani ya kimiminika. Kusaga kukavu kwa muda mrefu huvunja mpangilio wa matabaka, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Malizia kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika, chombo kikiwa ndani ya barafu kwa kuwa mawimbi hayo huzalisha joto.

Hatua ya 3: Kuchanganya na oili. Kinywe ni kizito zaidi ya mara 2 kuliko oili, hivyo hutuama. Chembe iliyopunguzwa kipenyo mara 10 hutuama polepole mara 100, lakini chembe ndogo hupenda kugandamana. Ndiyo maana huvishwa kwanza asidi ya oleiki (asidi itokanayo na mafuta), ambayo kichwa chake hushika chembe na mkia wake huelekea kwenye oili.

Hatua ya 4: Kupima. Katika kipimo cha gololi 4, gololi 1 huzungushwa juu ya 3 zilizobanwa ndani ya kilainishi, kisha kovu la ulikaji, yaani alama ya chuma kilicholika kwa kusuguana, hupimwa kwa hadubini. Pima pia oili tupu, la sivyo huna cha kulinganisha.

Maswali ya wanachama

Je, kinywe kikizidi, ulainishaji nao huzidi?
Hapana. Kwa kawaida kiasi kisichofika asilimia 1 ya uzito hutosha. Kikizidi, chembe hugandamana na ulikaji huongezeka.

Naweza kumimina unga moja kwa moja kwenye injini?
Usifanye hivyo. Mabonge yanaweza kuziba chujio na njia nyembamba za oili, na viambato vilivyomo tayari kwenye oili ya injini vinaweza kushindana na kinywe juu ya chuma.

Kinywe kikavu kitafaa kwenye mitambo ya anga za juu?
Hakifai, kwa sababu matabaka yake huteleza vizuri yakiwa na mvuke wa maji au gesi, na penye ombwe msuguano hupanda. Huko hutumika molibdenamu disalfaidi, kilainishi kingine kikavu cha matabaka.