Kujenga bwawa dogo la kupunguza mafuriko kwenye korongo

Bwawa la kupunguza mafuriko ni nafasi tupu. Mvua kubwa ikinyesha juu ya bonde, nafasi hiyo hujaa kwa muda, kisha maji hutoka taratibu kwa bomba lililo wazi siku zote, na kufikia kesho yake bwawa limeshakauka likisubiri mvua nyingine. Vijiji vingi hukosea hapo hapo: tuta linajengwa ili kuokoa nyumba za bondeni, halafu bomba linazibwa ili ng'ombe wapate maji ya kiangazi. Bwawa lililojaa kabla ya mvua haliokoi mtu. Kama mifugo inahitaji maji, chimbeni lambo lake pembeni, mbali na tuta.

Maelezo haya yanahusu tuta la udongo lisilozidi mita 5 kwenda juu, kwenye korongo la msimu kama yale ya Mpwapwa, Kilosa au Baringo. Kibali ni lazima hata kwa tuta la ukubwa huo: Tanzania kinatolewa na bodi ya maji ya bonde chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, Kenya kinatolewa na WRA (Mamlaka ya Rasilimali za Maji) chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Na kama kuna nyumba, shule au barabara kwenye njia ya maji upande wa chini, mhandisi wa mabwawa asaini michoro kabla udongo haujaguswa. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Patel huko Solai, kaunti ya Nakuru, lilipasuka wakati wa mvua za masika na watu wasiopungua 47 wakafa. Lilikuwa bwawa la shamba, na watu walikuwa wakiishi chini yake.

Hesabu kwanza

Anzeni bondeni, kwenye kile mnachotaka kukiokoa. Pimeni kalavati au mfereji unaofurika na mjue unapitisha maji kiasi gani bila kumwagika. Bomba la bwawa lisitoe zaidi ya hapo. Bomba la milimita 600, maji yakiwa yamesimama karibu mita 4 juu yake, hutoa takriban mita za ujazo 1.4 kwa sekunde.

Kisha pimeni eneo linalokusanya maji juu ya tuta, kwa ramani ya kontua au kwa kutembea kwenye migongo ya vilima na GPS ya simu. Milimita 1 ya mvua juu ya kilomita 1 ya mraba ni mita za ujazo 1,000. Tuseme eneo ni kilomita 2 za mraba, mvua ni milimita 60, na asilimia 40 ya maji hayo yanateremka korongoni (ardhi iliyolishwa sana mifugo hufika huko kwa urahisi). Hiyo ni mita za ujazo 48,000. Takwimu za mvua kubwa za eneo lenu ombeni Mamlaka ya Hali ya Hewa. Msitumie wastani wa mwezi, maana mafuriko huletwa na mvua ya saa mbili au tatu.

Ujazo wa bwawa hukadiriwa hivi: kina kwenye tuta, mara upana wa maji kwenye tuta, mara urefu wa maji kurudi nyuma korongoni, gawanya kwa 6. Kina cha mita 4, upana 150 na urefu 400 vinatoa mita za ujazo 40,000. Kwa kuwa bomba linaendelea kutoa maji wakati mvua inanyesha, nafasi hiyo inatosha kwa mfano wetu, na likijaa litahitaji kama saa 9 au 10 kukauka. Muda ukizidi siku moja, ongezeni bomba au tafuteni sehemu nyingine, kwa sababu masika haisubiri.

Utoro

Utoro ni njia pana inayochimbwa pembeni mwa tuta ili maji ya ziada yapite bila kulivuka. Mabwawa mengi madogo ya udongo hufa kwa sababu utoro ni mwembamba au umezibwa. Maji yakivuka juu ya tuta la udongo hukata upande wa chini, na ndani ya saa chache tuta lote limekwenda.

Pigeni hesabu mkichukulia kwamba bwawa limejaa na bomba limeziba. Mvua ya milimita 40 kwa saa kwenye eneo la mfano wetu huleta karibu mita za ujazo 9 kwa sekunde. Weka mara mbili, 18, kwa ajili ya mvua isiyozoeleka. Maji yenye kina cha nusu mita kwenye utoro hupita karibu mita za ujazo 0.6 kwa sekunde kwa kila mita ya upana. Kwa hiyo utoro uwe na upana wa mita 30. Wengi wakiona namba hiyo hupunguza hadi mita 5 ili kuokoa siku za buldoza. Ni hapo wanapoliua bwawa.

Chimbeni utoro kwenye ardhi asilia, si juu ya udongo wa kujaza. Sakafu yake iwe bapa, ipandwe nyasi, na kizingiti kiwe cha zege au mawe yaliyojengwa ili kimo chake kisibadilike. Maji yarudi korongoni mbali na mguu wa tuta. Kutoka kizingiti hadi juu ya tuta kuwe na mita 1: nusu ya maji yanayopita, nusu ya tahadhari kwa mawimbi na makosa ya hesabu.

Udongo na tuta

Chukueni bonge la udongo mkavu, ukubwa wa punje ya mahindi, mlitumbukize kwenye glasi ya maji safi, msikoroge. Likimeguka na kukaa chini, na maji yakabaki safi, mko salama kwa kipimo hicho. Baada ya dakika 10 mkiona wingu jeupe kama maziwa likisambaa kutoka kwenye bonge, udongo huo unayeyuka ndani ya maji na utatoboka ukiwa tutani. Uacheni hata kama uko karibu na ni bure. Kipimo cha pili: lowesheni udongo na kuuviringisha mkononi. Ukifika unene wa milimita 3 bila kukatika, una mfinyanzi wa kutosha kwa kiini cha tuta. Udongo mweusi wa mbuga unashika maji vizuri lakini hupasuka kiangazi, na bwawa hili ni kavu muda mwingi, kwa hiyo usiwekwe kwenye tabaka la nje la tuta.

Ondoeni sentimita 30 za udongo wa juu chini ya tuta lote, pamoja na mizizi na vichuguu mpaka mwisho wa mashimo yake. Katikati chimbeni mtaro wa upana wa mita 3 unaoingia angalau nusu mita kwenye udongo usiopitisha maji, kisha mjaze mfinyanzi.

Tuta la mfano wetu lina kimo cha mita 5, upana wa juu mita 3, mteremko wa 1 kwa 3 upande wa maji na 1 kwa 2.5 upande mkavu. Chini linafika mita 30 na nusu. Linahitaji karibu mita za ujazo 6,000 za udongo ulioshindiliwa, kwa hiyo mchimbe robo zaidi. Wekeni tabaka za sentimita 20, si zaidi, kisha rola lenye meno lipite mara 6 hadi 8. Udongo uwe na unyevu wa kushikana ukiukamata kiganjani bila kutoa maji. Ukiwa mkavu, leteni boza. Tabaka la nusu mita lililopitiwa na buldoza peke yake huonekana gumu juu na ni vumbi chini. Ongezeni asilimia 5 ya kimo kwa ajili ya kushuka.

Bomba

Lazeni bomba kwenye ardhi asilia, lizungushiwe zege, na udongo wa pembeni ushindiliwe kwa mkono kwa tabaka za sentimita 10. Maji hupenda kufuata ukuta wa bomba, na chembe kwa chembe hubeba udongo hadi kunakuwa na tundu. Theluthi ya mwisho upande mkavu izungushwe mchanga msafi na changarawe ili maji yakipenya yatoke bila kubeba udongo. Mdomoni wekeni wavu wa nondo ulioinama, nafasi ya sentimita 15, na mteue mtu wa kuusafisha baada ya kila mvua: matawi na mifuko ya plastiki huziba kwa usiku mmoja.

Baada ya kujenga

Pandeni ukoka au nyasi nyingine zinazotambaa kabla ya masika. Msipande miti tutani, mizizi yake ikioza huacha mashimo. Zuieni njia za mifugo, kwani kwato hushusha tuta kidogo kidogo na maji huanzia pale palipo chini. Fukieni mashimo ya panya. Simikeni nguzo yenye alama ndani ya bwawa ili mjue tope limepanda kiasi gani, na mlizoe kiangazi.

Mvua za kwanza zikijaza bwawa, watu wawili wakague mguu wa tuta upande mkavu. Unyevu wa maji safi andikeni na mfuatilie. Maji yenye rangi ya udongo, au yanayobubujika, ni dalili kwamba tuta linaliwa kutoka ndani: waondoeni watu bondeni kwanza, ndipo mpige simu kwa mhandisi na bodi ya maji, na mfunike bubujiko kwa mchanga, juu yake changarawe, kisha mawe. Msilizibe kwa mfinyanzi wala viroba vya simenti. Maji yatatafuta pa kutokea pengine msipopaona.