Mitetea sita nyuma ya nyumba: kufuga kuku kwenye fensi yenye masharti

"Unatakiwa kuondoa kuku wako ndani ya siku 14." Barua za namna hii naonyeshwa mara kwa mara, hasa masika yakikolea. Mwenye barua huwa mkazi wa Njiro au Moshono hapa Arusha, au Shantytown kule Moshi, anayekaa kwenye nyumba za fensi moja zenye geti, mlinzi na kamati ya wakazi. Swali lake ni lilelile: kuku wapewe dawa gani wasinuke? Nami, kabla ya kujibu, huuliza la kwangu: jogoo yupo?

Karibu mara zote yupo. Wakati mwingine wawili.

Mtetea hahitaji jogoo ili atage. Jogoo ni wa kupata vifaranga. Yai lisilo na mbegu lina lishe ileile, na kwenye joto la Moshi linadumu vizuri zaidi kwa kuwa hakuna kitu kitakachoanza kukua ndani yake. Jogoo anaanza kuwika akiwa na miezi minne au mitano, na wala hangoji alfajiri. Taa ya jirani ikiwashwa saa nane usiku anaitikia. Mtetea naye hutetea dakika chache baada ya kutaga, tena mchana, watu wakiwa kazini. Hata Marekani, ambako vyama vya wenye nyumba vinajulikana kwa masharti yao, miji mingi inaruhusu mitetea michache lakini jogoo haruhusiwi.

Vifaranga vya siku moja vya kuku chotara kama Sasso au Kuroiler kwa kawaida huuzwa bila kutenganishwa, hivyo karibu nusu yao watakuwa majogoo. Mfugaji wa kwenye fensi namshauri aongeze hela anunue mitetea ya miezi minne, ambayo jinsia imeshajionyesha. Sita wanaitosha familia. Chotara sita wakichanganya watakupa mayai matatu au manne kwa siku, na kuku wa kisasa wa mayai watakupa matano.

Ila kabla ya kununua, soma karatasi. Mpangaji aanze na mkataba wa pango, kisha kanuni za kamati, kisha aende ofisi ya mtaa au kwa afisa mifugo wa kata aulize sheria ndogo za halmashauri zinasemaje kuhusu mifugo mjini. Ruhusa ya halmashauri haimfungi mwenye nyumba wako, wala ya mwenye nyumba haiifungi halmashauri. Kanuni ikisema waziwazi kwamba mifugo hairuhusiwi, usifuge kwa kificho. Kuku hafichiki. Peleka ombi la kanuni irekebishwe kwenye kikao. Ikisema "mifugo inayoleta kero", hapo pana mlango, na kazi yako ni kuonyesha kwamba kero haitakuwepo.

Anza na jirani anayepakana nawe, kamati baadaye. Mpelekee salamu, mwambie unachokusudia, muulize dirisha la chumba anacholala liko upande gani. Kisha andika barua ya ukurasa mmoja: mitetea mingapi, jogoo hakuna, banda litakuwa umbali gani kutoka ukutani, mavi yatapelekwa wapi, chanjo lini. Omba majaribio ya miezi mitatu. Na hayo mayai ya zawadi yapelekwe mapema. Trei inayofika kabla ya malalamiko ni ujirani mwema, inayofika baada yake inanukia rushwa.

Swali la dirisha nimelijua kwa kukosea. Kuna familia moja ya mtaa wa Sakina, hapa Arusha, niliielekeza ijenge banda kwa kuegemea ukuta wa fensi, tuokoe mbao na mabati ya upande mmoja. Upande wa pili wa ukuta ule kulikuwa na dirisha la jiko la jirani, na mimi sikuchungulia. Banda lilibomolewa kabla kuku hawajamaliza mwezi. Siku hizi sichori banda kabla sijauzunguka ukuta wote.

Kwa mitetea sita, banda la mita 2 kwa mita 1.5 linatosha vizuri. Liwe mbali na kuta za watu, sakafu iinuliwe walau sentimita 30 ili maji ya masika yapite chini, na bati lijitokeze nje kiasi cha mvua ya upepo kutofika ndani. Sehemu ya juu ya kuta iwe wavu. Arusha mwezi wa sita na wa saba watu huziba banda lote kwa turubai kwa ajili ya baridi, na hapo ndipo wanapoharibu. Ziba upande unaotoka upepo, tena kwa chini, juu uache wazi. Kuku mkubwa mwenye manyoya makavu anaihimili baridi yetu. Hewa nzito ndiyo inayomuumiza.

Sasa harufu, ambayo ndiyo kesi yenyewe. Kuku hakojoi majimaji. Ile nyeupe iliyokaa juu ya mavi yake ndiyo mkojo. Ikibaki kavu hainuki sana, lakini ikilowana bakteria huigeuza kuwa amonia, ile hewa inayochoma pua. Kwa hiyo ukinusa banda, tafuta maji yanatoka wapi. Mara nyingi ni chombo cha kunyweshea kilichowekwa chini, kuku wanakipiga teke na kukimwaga. Kiweke juu ya tofali, kimo cha mgongo wa kuku, na eneo lake ulifukue kila siku.

Maranda unayotandaza sakafuni mwa banda yana kipimo chake. Chota kiganjani, finya, kisha fungua mkono. Yakibaki donge, yamelowa. Toa yaliyolowa uongeze makavu. Yakiachana taratibu, yako sawa. Halafu chuchumaa mpaka kichwa chako kiwe usawa wa kichwa cha kuku, uvute pumzi. Macho yakikuwasha, ujue kuku wako wanalala humo usiku kucha, na jirani ameshaanza kuandika barua. Arusha maranda hupatikana kwa mafundi seremala. Chagua yale mapana, unga wa msumeno una vumbi baya kwa mapafu. Moshi mna bahati ya pumba za mpunga kutoka mashine za upande wa Mabogini na Chekereni.

Chini ya fito za kulalia weka ubao au bati, maana mavi mengi hudondoka usiku. Kwangua angalau mara mbili kwa wiki, bila kuruka. Kwenye joto, yai la nzi linaweza kuwa nzi kamili ndani ya siku saba hadi kumi, hivyo anayesafisha mara mbili kwa wiki anamkatisha njiani. Kuku mmoja hutoa zaidi ya gramu 100 za mavi mabichi kwa siku. Sita wanakupa kilo nne na zaidi kwa wiki. Yachanganye na majani makavu kwenye pipa lenye mfuniko, yaoze miezi miwili au mitatu, kisha mpe ndugu mwenye migomba. Ukiyamwaga mabichi yanaunguza mizizi.

Panya hawafuati kuku, wanafuata chakula. Kilishio kitolewe jioni, chakula kikae kwenye pipa. Kuku anakula gramu 120 hivi kwa siku, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 unawatosha sita kwa zaidi ya miezi miwili. Ni muda mrefu mno wakati wa masika, kitaota ukungu. Nunueni wawili mgawane.

Chanjo nayo mfanye kwa pamoja. Kideri, ambacho wengine huita mdondo, kinafagia banda zima kwa siku chache: kuhara kijani, kuhema kwa shida, shingo kupinda. Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Mlaze kuku ubavu kwenye mkono, jicho litazame juu, dondosha, usimwachie mpaka apepese. Chanja walio wazima tu. Chupa moja ina matone ya kuku wengi kuliko wako sita, na ikishafunguliwa haiwekwi mpaka mwezi ujao, kwa hiyo waite wafugaji wote wa mtaa siku moja mchangie. Tembeeni na chupa ndani ya kitambaa kibichi, isipigwe jua. Ndui ina chanjo yake ya kuchoma kwenye ngozi ya bawa. Muulize afisa mifugo, kwani mbu wakiongezeka nayo huongezeka. Kuku akifa ghafla asitupwe kwenye jalala la fensi. Mfukie shimo refu, na uitoe taarifa.

Na kamati ikikataa baada ya yote haya? Wapeleke kuku kwa ndugu anayekaa nje ya mji, Ngaramtoni au Kibosho, mkubaliane mgao wa mayai na nani anagharamia chakula. Wahamishe jioni ndani ya boksi lenye matundu, wafungie kwenye banda jipya siku nne au tano ili walizoee, ndipo wafunguliwe. Kutaga kunaweza kusimama wiki moja au mbili kwa sababu ya safari, kwa hiyo ndugu asiharakishe kumtia yeyote chunguni.